Karatasi Mbili Katika Nyumba Moja



Wapenzi wasomaji, leo ninaandika juu ya maradhi ambayo katika jamii yetu hutajwa kwa sauti ya chini, nayo ni saratani ya ini. Maradhi ya kutisha ni mengi, na mengi kati yake huzungumzwa waziwazi barazani na jikoni. Haya ya ini yana aibu yake ya pekee, kwa kuwa katika fikra za watu wengi ini ni kiungo cha mlevi. Mgonjwa wa saratani ya koo huombewa dua. Mgonjwa wa ini huombewa dua, kisha watu wakitoka nje huulizana alikuwa akinywa nini.

Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliulizwa hivyo nyuma ya mgongo wake hadi siku ya mazishi. Alikuwa mkazi wa Kendu Bay, mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay. Wasomaji wa pwani wasioufahamu mji huu huenda wakashangaa kwamba adhana husikika huko, lakini Uislamu si mgeni Kendu Bay. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na Wahindi waliifuata, wakavuka ghuba kwa vyombo hadi kwenye gati la Kendu, wakajenga maduka, wakaoa, na wengi wakazikwa huko huko. Wajaluo waliosilimu wakawa sehemu ya jamaa moja nao, na Msikiti wa Tawakal ukawa wa wote. Familia yetu ni ya mchanganyiko huo. Babu alitoka Mombasa, bibi ni wa Karachuonyo, na nyumbani kwa ami lugha mbili zilipishana juu ya sinia moja.

Ami aliuza njugu na omena kwa jumla. Pombe hakuwahi kuionja, na waliomjua tangu utotoni wanalijua hilo. Siandiki haya ili kumtetea yeye, maana aliko hauhitaji utetezi wangu. Ninaandika kwa ajili ya mke wake na binti zake, ambao bado huenda sokoni na kupita mbele ya macho ya watu.

Katika nyumba ile, ndani ya miezi michache, ziliingia karatasi mbili za maabara zenye kipimo kile kile, na kila moja ilisomwa kinyume cha maana yake.

Ya kwanza ilikuwa ya ami. Alikuwa akilalamika uzito chini ya mbavu za kulia, chakula kikimshinda baada ya matonge machache, na kanzu zake zilianza kumpwaya. Alipimwa damu, na kati ya vipimo kilikuwamo kile kiitwacho kwa herufi AFP, yaani alfafetoprotini, ambacho watu wamekizoea kwa jina la "kipimo cha saratani ya ini". Jibu lilikuwa 7, na pembeni mwa karatasi iliandikwa kwamba kiasi cha kawaida ni chini ya 10. Nyumba ilifurahi. Shangazi alipika pilau na jirani wakaletewa sahani. Wiki saba baadaye, tumbo lilipoanza kujaa maji, alipelekwa Kisumu kupigwa picha ya ultrasaundi, na huko ukaonekana uvimbe wa sentimita 9 katika upande wa kulia wa ini, nao ulikuwa umekwisha kuingia katika mshipa mkubwa uletao damu kutoka matumboni.

Karatasi ya pili ilikuwa ya binti yake wa pili, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano. Daktari alikuwa ameagiza watu wote wa nyumba wapimwe virusi vya homa ya ini, na ndugu mmoja mwenye pupa ya wema akalipia vipimo vya ziada kwa kila mtu, kikiwamo hicho cha AFP. Jibu la binti yule lilikuwa 74. Wakati huo ami alikuwa bado hai, amelala chumba cha pili, na kilio kilichozuka ukumbini alikisikia. Watu walihesabu: ikiwa baba mwenye 7 ana uvimbe wa kiasi kile, je, binti mwenye 74?

Binti hakuwa na uvimbe wowote. Alikuwa na mtoto tumboni, na ile ndiyo kazi ya asili ya protini hiyo.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili linatuhusu sisi wanawake zaidi ya wanaume, na sijaona likielezwa katika lugha yetu kwa namna ya kutosheleza. Mtoto akiwa tumboni, ini lake changa na kile kifuko cha kiini kinachomlea katika wiki za mwanzo hutengeneza alfafetoprotini kwa wingi. Sehemu yake huvuka na kuingia katika damu ya mama. Kiasi hicho hupanda mwezi baada ya mwezi hadi karibu na wiki ya 32, kisha hushuka. Madaktari wa uzazi katika nchi nyingi huipima kwa makusudi kati ya wiki ya 15 na ya 20, kwa kuwa ikizidi mno yaweza kuashiria kasoro katika uti wa mgongo wa mtoto. Kwa hiyo 74 katika mwezi wa tano wa mimba ni hesabu ya kawaida. Mtoto akizaliwa, ini lake huacha pole pole kuitengeneza, na kabla hajatimiza mwaka mmoja au karibu na hapo kiasi chake huwa kimeshuka na kufikia cha mtu mzima, ambacho ni kidogo sana.

Ini la mtu mzima, basi, limekwisha kusahau kazi hiyo ya utotoni. Saratani huja ikalikumbusha. Chembe za ini zikiharibika na kuanza kugawanyika ovyo, baadhi yake hurudia tabia za uchanga, na mojawapo ya tabia hizo ni kutoa tena protini ya mtoto. Mwaka 1963 mtaalamu Garri Abelev wa Moscow na wenzake waliiona katika panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaiona katika damu ya binadamu wenye saratani hiyo. Kutoka hapo kipimo kikaenea dunia nzima, kikafika hadi maabara ndogo za miji yetu. Maelezo yake hayakusafiri kwa kasi ile ile.

Maelezo yenyewe ni kwamba baadhi tu ya chembe hizo hurudia uchanga. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa saratani ya ini huwa na AFP isiyopanda, hasa uvimbe ukiwa bado mdogo, na mara nyingine hata ukiwa mkubwa kama wa ami. Kwa upande mwingine, protini hiyo hupanda bila saratani yoyote: kwa mja mzito, kwa mtu ambaye homa ya ini imemchachamaa, na kwa wenye aina fulani za uvimbe wa korodani au wa vifuko vya mayai. Ikifika 400 na zaidi kwa mtu ambaye tayari ana maradhi ya ini, shaka huwa nzito sana. Kati ya 10 na 400 pana uwanja mpana ambao namba peke yake haisemi neno. Maabara iliyompima ami ilipima sawasawa. Namba 7 ilikuwa kweli. Kilichokosekana ni picha ya kuwekwa kando ya namba hiyo.

Ndiyo maana wanaofuatiliwa kwa hatari ya saratani ya ini hupigwa picha ya ultrasaundi kila baada ya miezi sita, na AFP huongezwa kama shahidi wa pili. Shahidi wa kwanza ni picha. Ikionekana alama ya kutilia shaka, hufuata picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na hapo tabia ya uvimbe hujieleza yenyewe. Saratani ya ini hunywa damu ya ateri, kwa hiyo hung'aa mapema dawa ipitapo, kisha hufifia wakati sehemu nyingine za ini bado zinang'aa. Tabia hiyo ni ya kipekee kiasi kwamba kwa mgonjwa ambaye ini lake limejaa makovu, madaktari wanaweza kuithibitisha saratani bila kukata kipande cha nyama. Wapo pia wanaotumia protini nyingine pamoja na AFP. Huko Japani, kwa mfano, hupimwa vilevile protini ya kugandisha damu iliyotoka ini ikiwa na upungufu, ambayo huitwa PIVKA-II, na sehemu maalumu ya AFP yenyewe iitwayo L3. Kipande cha nyama kikikatwa, hupakwa dawa za kuonyesha protini kama glipikani-3, ambayo ini lenye afya la mtu mzima halina. Sitaki kuwachosha kwa majina. Linalotakiwa kukumbukwa ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo linalotosha peke yake, na hata madaktari walio na vifaa vyote hivyo huzisoma pamoja.

Halafu huja maswali ambayo ndiyo yanayoamua hatima ya mgonjwa: uvimbe ni mmoja au ni mingi, una ukubwa gani, umeingia mshipani au bado, na ini linalouzunguka lina nguvu kiasi gani. Tangu mwaka 1996 madaktari wa upandikizaji wamefuata kipimo kilichotoka Milan, Italia, kwamba mgonjwa hufaa kupandikizwa ini jipya akiwa na uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au mitatu isiyozidi sentimita 3 kila mmoja, na usiwe umeingia mishipani. Uvimbe mdogo waweza kukatwa au kuchomwa kwa sindano maalumu. Uvimbe ulioingia katika mshipa mkubwa husambaa kwa njia ile ile ya damu. Ami alikuwa na sentimita 9 na mshipa ulioingiliwa. Daktari wa Kisumu alimweleza shangazi kwa upole, akachora ini kwenye karatasi, na mchoro ule shangazi anao hadi leo ndani ya msahafu wake.

Ami aliishi siku 71 baada ya picha ile. Nilipokuja kusoma baadaye nikakuta kwamba hali yake ndiyo hali ya wengi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika. Nje ya Misri, nusu yao walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili na nusu tangu kugunduliwa. Umri wao wa katikati ulikuwa miaka 46. Huko Misri, ambako wengi huugua kwa sababu ya homa ya ini C na hufuatiliwa, umri wa katikati ulikuwa 58 na muda wa kuishi karibu miezi kumi na mmoja. Ami alikuwa na miaka 52.

Sasa nirejee kwenye lile swali la pembeni, alikuwa akinywa nini.

Pombe huharibu ini, hilo halina ubishi, na ini lililojaa makovu ya pombe laweza kuota saratani. Lakini katika eneo letu la Afrika sababu kubwa zaidi ni kirusi cha homa ya ini B, na mwenzi wake katika kuharibu ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na njugu ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Kirusi cha B mara nyingi huingia mwilini utotoni, kutoka kwa mama wakati wa kuzaa au kutoka kwa watoto wenzake kwa michubuko na damu. Kikimwingia mtoto mchanga, karibu tisa kati ya kumi hubaki nacho maisha yote. Kikimwingia mtu mzima mwenye afya, ni wachache sana wanaobaki nacho. Wengi mwili hukifukuza. Mwenye kukibeba tangu uchanga huishi bila dalili, hufunga Ramadhani, huoa, huuza njugu, na miaka arubaini au hamsini baadaye ini lake huota uvimbe. Saratani itokanayo na kirusi hiki yaweza kuota hata katika ini lisilo na makovu, na hilo hueleza kwa nini huwapata watu wa makamo waliokuwa wakionekana wazima. Ami alipopimwa alikutwa nacho. Bibi, mama yake, aliondoka duniani zamani na hakuna wa kumuuliza. Wala hakuna haja.

Sumukuvu ina historia yake katika nchi zetu, na nadhani wasomaji wangependa kuijua, kwa kuwa baadhi ya kurasa zake za kwanza ziliandikwa hapa kwetu. Ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyotoka Brazili. Haikupita miaka mingi, wataalamu waliokuwa Uganda wakakusanya sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani, wakakuta sumu hiyo katika karibu tatu kati ya kila kumi, na mahali ilipokithiri ndipo saratani ya ini ilipokithiri. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1971. Mwaka 1973 Peers na Linsell, waliofanya kazi Nairobi, walichapisha uchunguzi wao wa Murang'a. Waliigawa wilaya ile kwa kimo cha ardhi, wakachukua chakula kilichopikwa, tayari kuliwa, wakapima sumu. Kadiri walivyoshuka kutoka milima yenye baridi kwenda bondeni kwenye joto, sumu iliongezeka katika sahani, na saratani ya ini ikaongezeka pamoja nayo. Wengi wetu tunakumbuka pia mwaka 2004, mahindi yenye ukungu yalipowaua watu 125 katika sehemu za mashariki na kati ya Kenya. Wale waliuawa na kiasi kikubwa kwa mara moja. Kiasi kidogo cha kila siku hufanya kazi yake kimya.

Na hapo ndipo mambo mawili hukutana. Huko Shanghai watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000, na katika matokeo waliyoyatoa miaka ya 1992 na 1994 ilionekana kwamba mwenye dalili za sumukuvu peke yake hatari yake huongezeka mara chache, mwenye kirusi cha B peke yake huongezeka mara chache zaidi, lakini mwenye vyote viwili hatari yake ilikuwa karibu mara 60 ya asiye na chochote.

Kuna jambo jingine lililonigusa zaidi ya hesabu hizo. Mwaka 1991 vikundi viwili vya watafiti, mmoja ukichunguza saratani za ini kutoka Qidong nchini China na mwingine kutoka kusini mwa Afrika, viligundua kwamba uvimbe wa watu walioishi katika nchi za sumukuvu mara nyingi huwa na kasoro mahali pamoja pale pale, katika jeni inayotengeneza protini iitwayo p53. Protini hiyo ni kama mlinzi wa chembe. Huzizuia zisigawanyike zikiwa na hitilafu. Sumukuvu humvunja mlinzi huyo kwa namna yake, kama mwizi mwenye mtindo wake wa kuvunja kufuli. Kwa maneno mengine, uvimbe wenyewe waweza kutunza alama ya kile kilichouzaa. Uvimbe wa ami haukuchunguzwa kwa undani huo, kwa hiyo sitadai kitu juu yake. Ila nawaza kwamba watu wa barazani huhukumu kwa kutazama kiungo tu, hali ya kuwa wanasayansi wamekwenda hadi ndani ya chembe kutafuta ushahidi kabla ya kusema.

Mtu ataniuliza, je, njugu za Homa Bay basi ni sumu? La. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima sampuli 769 za njugu kutoka Busia na Homa Bay. Takriban 87 kati ya kila 100 zilikuwa na kiasi kidogo mno kisichofika hata kiwango kikali cha Ulaya. Chini ya 8 kati ya 100 zilivuka kiwango cha 20 kilichotumika Kenya wakati huo. Lakini hizo chache zilizovuka, baadhi zilivuka kwa maelfu. Sumukuvu haijigawi sawasawa. Punje moja iliyooza yaweza kubeba sumu ya gunia. Kwa hiyo anayetafuna njugu nzima zilizochaguliwa hana la kuogopa sana. Wa kuogopa ni yule anayelishwa zile zilizotupwa kando. Na sisi wanawake tunajua zinakwenda wapi zile zilizotupwa kando. Mwenye duka huuza nzuri. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, hubaki nyumbani, zikatwangwa zikatiwa katika mchuzi wa mboga au uji wa mtoto, kwa kuwa kutupa chakula ni israfu. Ami mwenyewe, mwenye ghala la njugu, miaka yote alikula zile zisizouzika. Moto hauiondoi sumu hiyo, iwe kwa kukaanga au kuchemsha. Njia iliyo mikononi mwetu ni kukausha vizuri juu ya turubai badala ya udongo, kuhifadhi pasipo unyevu, na kuchagua kwa jicho kali. Zilizoharibika zisipewe mtoto, wala kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hutoka katika maziwa. Shangazi sasa huzifukia. Mwanzoni alifanya hivyo usiku, asionekane na majirani akifukia chakula.

Nimesema binti wa ami hakuwa na uvimbe. Sikusema kwamba hakuwa na kitu. Katika ile karatasi yenye namba 74, mistari mitatu chini yake, palikuwa na jibu ambalo hakuna aliyelitazama kwa sababu macho yote yaliganda kwenye namba. Lilikuwa jibu la kirusi cha homa ya ini B, nalo lilisema anacho. Kilio kilikuwa cha kitu kisichokuwapo, na kilichokuwapo kikapita kimya kwa siku nne, hadi muuguzi wa kliniki ya wajawazito alipoisoma karatasi yote kuanzia juu hadi chini.

Watu wa nyumba walifanya ambayo watu hufanya. Kikombe chake kikatengwa. Sahani ikatiwa alama. Ilibidi muuguzi yule aje mwenyewe nyumbani kueleza kwamba kirusi hiki hakiambukizwi kwa chakula, kikombe, kupeana mikono wala kukumbatiana, ila kwa damu, kwa tendo la ndoa na kwa mama kumzaa mtoto. Mume akapimwa, akakutwa hana, akaanzishiwa chanjo. Hakuna aliyeuliza nani alimletea nani, na kwa hilo nawashukuru wote wawili, maana ndoa nyingi zimevunjika kwa swali hilo bila sababu. Kirusi alichokaa nacho mtu tangu utotoni hakiwezi kutoa ushahidi wa zinaa.

Swali kubwa lilikuwa mtoto. Kenya iliiingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto karibu na mwaka 2001, ndani ya ile sindano yenye chanjo tano pamoja, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ratiba hiyo imewakinga wengi. Lakini kwa mtoto wa mama mwenye kirusi, wiki sita ni muda mrefu. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009 linapendekeza kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na hiyo ni sindano ya chanjo ya B peke yake, kwa kuwa ile ya chanjo tano haipewi mtoto wa siku moja. Mama ambaye virusi vyake ni vingi katika damu huweza kupewa dawa ya tenofoviri katika miezi ya mwisho ya mimba ili kuvipunguza. Baadhi ya hospitali huongeza kwa mtoto sindano ya kingamwili zilizo tayari. Kunyonyesha hakukatazwi. Mambo haya huulizwa mapema, mimba ikiwa bado changa, kwa kuwa uchungu ukishika hakuna wa kutafuta chanjo.

Binti wa ami alipimwa wingi wa virusi, akapewa dawa. Mume wake alizunguka maduka ya dawa ya Kisumu hadi akapata chanjo ya mtoto mchanga, akaagizia iwekwe hadi siku ikikaribia. Akaileta katika kijisanduku cha baridi, ikiwa imefungwa kitambaa isigusane na barafu, kwa sababu chanjo hii ikiganda imekufa, na mtu hawezi kuijua iliyokufa kwa kuitazama. Hospitali ikaipokea na kuihifadhi katika friji yake. Alijifungua mtoto wa kike kabla ya alfajiri, siku ya kumi na tisa baada ya mazishi ya baba yake. Akiwa katika eda, shangazi hakutoka kwenda hospitali. Alipigiwa simu na jambo la kwanza aliloliuliza, kabla ya uzito na kabla ya jina, ni kama sindano imedungwa. Ilikuwa imedungwa saa mbili asubuhi.

Ndugu wengine wawili wa binti yule nao walikutwa na kirusi. Mmoja, kijana wa miaka 31 anayeendesha sasa lile duka la njugu, amewekwa katika orodha ya ultrasaundi kila miezi sita. Mara ya kwanza alikataa, akasema akienda hospitali akiwa mzima watu watasema naye ameanza kunywa. Shangazi alimjibu kwa Kijaluo maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la familia, na siku ile ile akampakia matatu ya Kisumu. Ini lake ni safi, alhamdulillahi. AFP yake ni 3, na sasa katika nyumba ile hakuna anayeshangilia 3 kabla picha haijarudi.

Mtoto amepata chanjo zake zote za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kupimwa kama alisalimika hufanywa kuanzia miezi tisa, kwa kuwa kabla ya hapo jibu laweza kudanganya. Leo ana miezi saba na nusu. Ameota meno mawili, na amepewa jina la yule bibi wa Karachuonyo.